Nimezunguka kazi nyingi, unesi ndo umenituliza

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye yuko kwenye kazi ya nne au ya sita na kila akikutana na ndugu anaulizwa "sa hivi uko wapi tena?" kwa ile sauti ya mtu aliyechoka kukufuatilia. Mimi nimeishi hapo miaka mingi. Nimeuza dukani, nimekaa stoo ya vifaa vya ujenzi, nimelinda geti usiku, nimepokea simu za wateja, nimeendesha gari la kusambaza mizigo, na katikati hapo kuna vibarua vingi ambavyo hata sina haja ya kuvitaja. Leo ni nesi, niko wodi ya upasuaji, na ni mara ya kwanza nikitoka kazini sijiulizi nitafute nini kingine.

Jambo langu ni moja na nitalizungukia sana: zile kazi hazikupotea bure. Watu wanadhani ukiingia fani mpya ukiwa mtu mzima unaanza sifuri sawa na kijana aliyetoka shule jana, na mimi nasema hapana, maana sijaona kazi inayotumia kila kitu ulichowahi kujifunza kama hii. Kuna siku nafanya zamu nzima halafu nagundua robo tatu ya nilichofanya nilifundishwa na watu ambao hawajawahi hata kuvaa glavu.

Nianze na ulinzi, kazi ambayo watu wanaidharau sana. Pale lindoni tulikuwa na daftari la matukio na msimamizi wetu alikuwa mkali kwelikweli juu ya lile daftari. Ukiandika "mwizi alitaka kuingia" anakurudishia, anakuuliza wewe ulimwona mwizi? Hukumwona. Basi andika ulichokiona: saa nane na dakika kumi usiku nimesikia kitu kimegonga bati upande wa nyuma, nimekwenda na tochi, sijakuta mtu, kufuli liko sawa. Hivyo tu. Alikuwa anasema anayeingia asubuhi hakuwepo usiku, kwa hiyo macho yake ni hilo daftari lako.

Sasa njoo wodini. Unakuta kwenye faili mtu ameandika "mgonjwa hakulala vizuri", basi, imeisha hapo. Hiyo inamsaidia nani? Nesi wa asubuhi afanye nini nayo, daktari akipita raundi afanye nini nayo? Lakini ukiandika saa tisa usiku mgonjwa ameamka, anasema maumivu ya kidonda ni 7 kati ya 10, nimempa dawa aliyoandikiwa saa tisa na robo, saa kumi nimemuuliza tena anasema yamefika 3, hapo kila anayekuja anajua pa kuanzia. Manesi tuna msemo wetu kwamba usichokiandika hukukifanya, na mimi nilishaujua huo msemo kabla sijajua hata mshipa unapita wapi.

Na usiku wenyewe. Wenzangu wengi chuoni walikuwa wanaugua kabisa wakipangiwa zamu za usiku, mimi mwili ulishazoea kulala mchana pazia limefungwa na simu imezimwa, kula kidogo katikati ya usiku, kutoamini macho yako ile saa kumi alfajiri kwa sababu ndo saa ambayo kichwa kinadanganya. Kwa hiyo saa hiyo ndo nazunguka zaidi, kama nilivyokuwa nazunguka ukuta.

Nitaje tukio moja maana ndo lilinikalisha kwenye hii kazi moja kwa moja. Kuna kipimo kimoja kinadharauliwa sana wodini, nacho ni kuhesabu pumzi. Presha ina mashine, joto lina thamomita, oksijeni kuna kile kidude cha kubana kidoleni, lakini pumzi inabidi usimame uangalie kifua cha mtu dakika nzima, na wodi ikiwa imejaa hiyo dakika inaonekana ndefu mno. Matokeo yake utakuta chati ambazo kila mgonjwa anapumua 18 au 20, wodi nzima, wazee kwa vijana, na kila mtu anajua maana yake ni nini. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mwili ukianza kuharibika ndani mara nyingi pumzi ndo inabadilika mapema, wakati presha bado inapendeza.

Usiku huo kulikuwa na mzee aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, yuko siku ya tatu, anaongea vizuri, ukimuuliza vipi mzee wangu anakwambia "mi mzima mwanangu, nenda kaangalie wenye shida". Nikamshika mkono kama napima mapigo huku naangalia kifua, maana ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake anabadilisha bila hata kujua. 28. Nikarudia dakika nyingine. 28. Jioni mimi mwenyewe nilimhesabia 16. Mapigo 112, oksijeni imeshuka kidogo, joto la kawaida, presha safi kabisa. Mtu mwingine angesema labda ameota ndoto mbaya, lakini lindoni nilifundishwa kwamba kitu kikibadilika hata kidogo unakifuata na tochi.

Nikampigia daktari wa zamu. Nikamwambia mgonjwa ni huyu, alifanyiwa hiki, jioni alikuwa hivi, sasa yuko hivi, mimi wasiwasi wangu ni kwamba kuna kitu tumboni, naomba uje umwone sasa hivi. Akaja, akamgusa tumbo, likawa gumu kuliko la asubuhi. Mshono wa utumbo ulikuwa umeanza kuvuja. Kabla hakujapambazuka alikuwa amerudi chumba cha upasuaji, na baada ya wiki kadhaa alitoka kwa miguu yake na mwanae kabeba mfuko wa nguo. Simulizi hii siitoi ili nionekane shujaa, aliyemshona tena ni daktari na waliomhudumia ni wengi. Naitoa kwa sababu kwenye kazi zote nilizopita kuangalia kwa makini kulikuwa kunaishia kwenye hesabu za mtu mwingine, stoo imebalansi, mzigo umefika, geti halijavunjwa. Hapa niliangalia kwa makini na mtu akaenda nyumbani kwake. Hicho kitu sikuwahi kukipata mahali pengine, na ukishakipata hata mara moja unakuwa mtu mwingine kazini.

Kupokea simu za wateja nako kulinipa kitu kikubwa. Siku nzima unapigiwa na watu wenye hasira, na baada ya muda unaanza kusikia kilicho chini ya ile hasira, ambacho karibu kila mara ni woga. Pesa yangu iko wapi maana yake naogopa nimepoteza pesa yangu. Wodini ni vilevile, ndugu anakuja anapiga kelele mbele ya meza ya manesi mbona mama yangu hajaonwa na daktari toka asubuhi, ukimjibu kwa ukali mnagombana mbele ya wagonjwa, ukimwambia "tulia" ndo umemwaga petroli kabisa. Mimi namtajia vitu vitatu: ninachokijua mpaka sasa, ninachokwenda kufanya, na saa nitakayorudi kumwambia. Halafu ile saa ikifika narudi hata kama sina jipya, nasimama namwambia daktari bado hajafika, nimeuliza tena, nitakuja saa tano. Wengi wanashindwa hapo pa kurudi bila jipya, wanaona aibu kurudi mikono mitupu, kumbe ndugu hasubiri tu majibu, anasubiri kujua kama hajasahaulika.

Kaunta ya duka ilinifundisha kusimama na kuongea na mtu yeyote wa rika lolote, hayo hayana maelezo marefu. Ila kuna kitu kidogo cha dukani kimenisaidia kwenye dawa. Ukimuuliza mteja "ulisema ile nyekundu eeh?" atakujibu ndiyo hata kama hakusikia, kwa hiyo tulikuwa tunamwacha aseme mwenyewe. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa lazima uhakikishe mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na muda sahihi, hilo kila nesi anafundishwa wiki za kwanza. Lakini namna ya kuuliza ndo kila kitu. Usiseme "wewe ndo fulani?", mtu mwenye usingizi au homa ataitikia jina lolote lile. Muulize unaitwa nani, jina lako kamili, halafu linganisha na faili na kile kibandiko cha mkononi. Nimeona wagonjwa wakiitikia majina ya jirani zao wa kitanda, tena kwa adabu kabisa.

Na stoo, jamani. Nilikuwa sipendi hesabu shuleni, stoo ikanilazimisha, nikaja chuo cha unesi nikakuta hesabu inanisubiri. Dripu ya lita moja iishe kwa masaa nane, seti yako, yaani ule mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita moja, unachukua 1000 mara 20 unagawa kwa dakika 480, unapata 41 na kitu, unaweka 42 kwa dakika, halafu unasimama pale na saa yako unahesabu matone huku unazungusha kile kigurudumu cha kwenye mpira. Mtu aliyezoea kuhesabu mzigo unaoingia na unaotoka hapati shida hapo. Hata kupanga kabati la dawa, inayokaribia kuisha muda inakaa mbele ili itoke kwanza, nilikuwa nafanya hivyo na magunia ya saruji.

Sasa nije kwenye chuo maana najua wengi mnaogopa hapo. Nilikuwa mkubwa kuliko karibu darasa zima, walimu wengine nawazidi umri, na watu wakadhani nimekuja kukagua. Somo la mwili wa binadamu ni refu, la dawa ndo gumu zaidi kwangu, majina yanafanana na kazi hazifanani. Nilichofanya ni kusoma kila dawa kwa mgonjwa niliyemwona, siyo kwa orodha. Leo nimeona mtu anapewa insulini, dawa ya kushusha sukari, usiku nasoma insulini, inafanya nini, ikizidi mtu anakuwaje, anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, unapima sukari haraka, kama anaweza kumeza unampa kitu cha sukari. Hiyo haitoki kichwani tena kwa sababu ina uso wa mtu.

Kilichonipa uhakika kwamba nimefika hakikuwa mtihani, ilikuwa kumwogesha mgonjwa. Tulikuwa kwenye mazoezi ya wodini mwaka wa kwanza, tukapewa mama aliyepooza upande mmoja, sista aliyekuwa anatusimamia akasema kumwogesha siyo kumsafisha tu, ni kumkagua. Maji ya uvuguvugu, unafunika sehemu ambayo huioshi ili asione baridi wala aibu, unaongea naye hata kama hajibu, unamwambia sasa nakugeuza upande wa kushoto, na unaangalia visigino, nyonga, na ule mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya makalio. Pale tukaona wekundu. Sista akabonyeza kwa kidole akaachia, tukasubiri, ule wekundu haukupauka. Kwenye ngozi nyeupe au nyeusi, sehemu inayogandamizwa huwa inabadilika, kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane vizuri kwa hiyo unagusa pia kama pana joto au ugumu kuliko pembeni. Akasema hapa ndo kidonda kinaanza, tukimwacha hivi kwa siku mbili tatu mtakuja kuona mfupa. Tukaweka ratiba ya kumgeuza kila masaa mawili, na wiki ileile pakarudi kawaida. Hakuna dawa ya ajabu iliyotumika, ni mikono na saa. Nikajisemea basi, hii ni kazi yangu.

Watu hudhani nesi halisi ni yule aliyeitwa toka utotoni. Mimi huwa nawatajia Mary Seacole, mama wa Jamaika aliyezaliwa 1805, alikuwa na nyumba ya wageni, akafanya biashara, akaenda mpaka Panama akafungua hoteli na kuuguza watu wa kipindupindu, na vita ya Krimea, ya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, ilipoanza akaomba kwenda na manesi wa Uingereza akakataliwa, akaenda kwa pesa yake mwenyewe akafungua kituo karibu na Balaclava, bandari ya hukohuko Krimea, anauza chakula na anatibu wanajeshi. Biashara yake ndo iliyomwezesha kuuguza, hakuitupa ili awe nesi. Florence Nightingale mwenyewe, ambaye kila chuo kinamtaja na tarehe yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndo Siku ya Manesi Duniani, alipewa kazi ya kuongoza manesi kwenye hospitali ya wanajeshi wa Uingereza huko Scutari, Uturuki, kwenye vita hiyohiyo, 1854, akiwa na miaka 34, na silaha yake kubwa ilikuwa takwimu, alikuwa anachora michoro kuonyesha kwamba askari wanakufa kwa maradhi ya uchafu kuliko majeraha. Mtu wa hesabu aliingia wodini na hesabu zake. Kwa hiyo ukija na ufundi wa umeme, ualimu, upishi, sijui uhasibu, usiuache mlangoni.

Kwa upande wetu manesi wanaume niseme kidogo. Wagonjwa wengi wakiniona wananiita daktari, na huwa nawarekebisha kila mara, mimi ni nesi wako wa leo, daktari wako ni fulani. Siyo kwa unyenyekevu, ni kwa sababu mgonjwa ana haki ya kujua anaongea na nani na amuulize nani kitu gani. Na kwa wagonjwa wa kike naomba ruhusa kwanza kwa kila kitu kinachohusu mwili, na kama anataka nesi mwanamke tunabadilishana, hakuna wa kununa hapo.

Magumu yapo na sitayaficha. Mgongo unauma, jifunzeni mapema kumnyanyua mtu mkiwa wawili na kukunja magoti. Sindano inaweza kukuchoma, usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika hata siku moja, itupe kwenye boksi lake palepale, na ikikuchoma osha kwa maji na sabuni na utoe taarifa saa hiyohiyo bila kusubiri zamu iishe, kwa sababu dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na siyo zaidi ya masaa 72. Kuna sehemu nilifanya kazi ambako zamu ya usiku nesi mmoja alikuwa na wagonjwa wengi kuliko anavyoweza hata kuwasalimia wote vizuri, na hiyo siyo sawa hata kidogo, inamwumiza mgonjwa kabla haijamwumiza nesi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 ilisema dunia ina manesi karibu milioni 28 na pengo la karibu milioni 6. Ukisikia nesi kakujibu kwa mkato, sisemi alifanya vizuri, ila mara nyingi na yeye yuko ndani ya hilo pengo.

Vifo navyo. Huwezi kujiandaa navyo kwa kusoma. Kilichonisaidia ni wakubwa wangu wa kazi waliokuwa hawakimbii, tukimaliza kumwandaa marehemu kwa heshima tunakaa dakika chache tunamzungumzia, alikuwa anapenda nini, alisema nini jana, halafu tunanawa mikono tunarudi kwa walio hai. Wodi ambayo watu hawazungumzi mimi naona inakausha manesi wake mapema.

Kama unafikiria kuingia, nakuomba kabla hujalipa ada yoyote tafuta namna ya kukaa wodini siku kadhaa, kujitolea au hata kumwuguza ndugu, usikie harufu, uone usiku unavyokuwa. Ukiona unatamani kuondoka kwa sababu ya harufu usijali, pua inazoea. Ukiona unachoshwa na watu, hiyo haizoeleki. Halafu ulizia chuo kama kimesajiliwa na kama ukimaliza bodi ya manesi itakupa leseni, maana bila leseni cheti ni karatasi tu. Na kwenye intavyuu usizifiche kazi zako za zamani kwa aibu, mimi nilizitaja zote na aliyekuwa ananihoji alitumia muda mrefu zaidi kwenye lile daftari la lindoni.

Kitu kingine ambacho kingenivutia mapema kama mtu angeniambia: humu ndani kuna kazi nyingi mno. Mtu kama mimi niliyezoea kuhama nilidhani nitachoka tena baada ya miaka miwili, kumbe unaweza kutoka wodi ya upasuaji ukaenda watoto, ukaenda afya ya akili, chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, au ukatembelea watu majumbani kwao, na bado wewe ni nesi yuleyule, uzoefu unaongezeka juu ya mwingine haukatiki. Kwa sasa nimeomba kozi ya kuhudumia wagonjwa wa figo, wale wanaosafishwa damu kwa mashine. Wengi wao wanakuja mara tatu kwa wiki, kila safari kama masaa manne, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo unamjua mtu mpaka unajua leo ameongezeka uzito wa maji kabla hajapanda mizani. Nikikubaliwa nitahamia huko, na safari hii nikiulizwa uko wapi tena nitakuwa na jibu refu kidogo.